Kisanduku cha Tarehe

Mfumo wa kwanza ulipendeza kama kadi ya harusi.
Kiteza akabofya, ukafunguka,
ukadai siku, mwezi, mwaka.
Mezani, daftari la warina asali,
limetoka Ipole ndani ya mzinga wa gome,
kurasa zingali zinanata.
Limeandikwa: mwaka wa nzige.

Tarehe si sahihi, ukasema, kwa maandishi mekundu.

Tukajaribu 1931.
Ukakubali papo hapo;
uongo ukaingia bila kubisha hodi.
Nikaufuta.

Wa pili ulitaka ada ya kila mwezi, kwa dola.
Bi Nyamizi wa uhasibu alicheka hadi akakohoa.

Umeme ukakatika. Ukarudi saa tisa,
Tabora nzima ikavuma feni.

Huu wa tatu una sura ya risiti ya mashine ya kusaga.
Nkwabi ameusimika kwenye kompyuta kuukuu
inayokoroma kuliko mlinzi.
Lakini chini ya tarehe, kisanduku kingine,
kipana, hakina nyota ya lazima:
Mwenyewe anasemaje?

Nikaandika: mwaka wa nzige.
Ukahifadhi, haukuuliza.

Kiteza akavuta daftari linalofuata.
Hili halina jina la mwandishi,
ila alama ya kidole gumba, kwa nta.
Akavua miwani.