Jiwe la Kilo

Miaka kumi na tisa napima dagaa hapa Mwaloni, Kirumba.
Najua mizani inavyodanganya:
sumaku chini ya sahani, gundi kwenye springi,
kidole gumba cha muuzaji anayekuuliza habari za watoto
huku kimelala pembeni kama paka.
Kila alfajiri, kabla ya gunia la kwanza,
naweka jiwe langu la kilo moja, la chuma,
lenye muhuri wa watu wa vipimo.
Likisoma kilo moja, nafungua biashara.
Likisoma zaidi, hata mama yangu simuuzii.

Siku ya kura simu sikuiwekea jiwe.

Saa moja na nusu asubuhi ilitikisika ndani ya aproni.
Sauti ya Sista Nyangeta wa zahanati, naijua,
ndiye aliyenizalisha Lukumbuzya wangu,
na kile kikohozi chake kidogo kabla ya neno zito:
"Kituo cha shuleni kimefungwa. Kipindupindu.
Wa mtaa wetu mtapiga kura kesho. Mwambie na mwenzio."

Nikamwambia na mwenzangu.
Kidole kile kile kinachohesabu noti
kikaituma kwa akina mama thelathini na wanane
kabla chai haijapoa.
Nikaongeza na neno langu: Ni kweli, namfahamu.

Saa tano Sista akapita kununua furu,
macho mekundu ya zamu ya usiku.
"Mbona kidole chako hakina wino, Kashinje?"
Nikamsikilizisha sauti yake.
Akaisikiliza hadi mwisho, kapu mkononi,
kama mtu anayeonyeshwa picha ya maiti yake.
"Kikohozi ni changu," akasema. "Maneno si yangu."

Nikafunika meza.
Tukapanda Kabuhoro mlango kwa mlango,
kule nyumba zinakokalia majabali kama mbuzi,
Sista akikohoa kwa kinywa chake mwenyewe.
Wengine walicheka, wakafunga kanga upya, wakateremka.
Mmoja alitaka kwanza kumshika mkono,
akaubonyeza kama anayekagua sato.
Ng'washi alikataa kabisa:
"Yule wa kwenye simu alikuwa anaeleweka zaidi."

Kona ya bomba, vijana wawili wenye miwani,
gari halina namba.
"Ninyi ndio mnaoeneza uvumi?"
Nikatoa simu kama ushahidi. Wakaichukua.
"Kituo kiko wazi," nikasema. "Nendeni mkaone."
"Tunajua kiko wazi," akajibu mmoja, kwa upole,
na huo upole ndio ninaouota mpaka leo.
Hatukupigwa. Hatukutukanwa.
Walitusimamisha kwenye kivuli cha gari lao
wakawa wanatazama saa.

Saa kumi jioni mlango hufungwa.

Ishirini na saba waliwahi.
Kumi na mmoja hawakuwahi.
Mimi pia sikuwahi, ila mwenyewe sijihesabu.

Bibi Holo alikwenda kesho yake,
kama alivyoambiwa, na mimi,
amevaa kitenge cha sikukuu,
kadi imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni.
Akasimama mlangoni pa darasa la tatu
wakiimba jedwali la saba.
Mwalimu akamuuliza amekuja kwa mtoto gani.

Siku hizi nina simu nyingine, ya vibonye.
Ikitikisika naiacha kwanza itulie.
Natafuta jiwe: nani kasema, lini,
nani alikuwepo akiona mdomo wake ukifunguka.
Mara nyingi jiwe silipati, nami situmi,
na mashoga wananiambia nimekuwa na roho ngumu,
nimezeeka, nanyima watu habari.
Labda.

Ila katika daftari langu la madeni
kuna ukurasa usio na bei.
Majina kumi na moja, Holo wa kwanza,
kwa kalamu nyekundu,
upande wa wanaonidai.