Andika Mbili

Saa kumi alfajiri, Marikiti, majani ya kabichi yakiteleza,
ulinifunga kihisi kwenye shavu la mguu,
kidogo kama kiberiti, kwa plasta ya hospitali,
na kingine kiunoni, pale mkanda unapochubua.
Ukasema: tembea kama kawaida, Bwana Sikolia.

Kawaida ni gunia la viazi vya Kinangop mgongoni,
hatua arobaini na mbili toka lori hadi kizimba cha Mama Njambi,
kisha kurudi mikono mitupu.
Huko kurudi ndiko kupumzika kwetu.

Kila baada ya magunia matano ulinisimamisha:
moja hadi kumi, umechoka kiasi gani?
Mbili.
Gunia la kumi: mbili.
La ishirini, jasho limenipofusha jicho la kushoto: mbili.
Hukumwona Gathuku, dalali, ameegemea lori
akisikiliza nani anahema?
Hapa anayetaja saba huwa ametafutiwa mrithi
kabla lori la pili halijafunua turubai.

Kesho yake ukaweka kompyuta juu ya kreti ya nyanya.
Mistari ya kijani, inapanda, inashuka.
Huu ndio mguu wako, ukasema, mara mia kila sekunde.
Hapa mwanzo hatua zafanana kama shanga.
Hapa, gunia la kumi na tatu, goti linachelewa,
kwa kipimo cha unywele, lakini linachelewa,
na kisigino kinashuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani.
Mashine imesomeshwa miguu ya hamali thelathini.
Inasema nane. Wewe unasema mbili.
Nimwamini nani?

Nilicheka, Mumbe, hadi wauza vitunguu wakageuka.
Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wazee;
kata yangu kumbe ina taa inayokonyeza.
Nekesa hajui, na tunalala kitanda kimoja.
Mguu niliokataza usiseme
ulikuwa ukinong'onezana na kiberiti.

Unasema siku moja kitalia, kiniambie nitue.
Nitue, halafu?
Na kikilia mbele ya Gathuku?
Ukanyamaza. Nilikupenda kwa kule kunyamaza.

Basi andika mbili kwenye karatasi yako.
Ile nane niachie.
Nitaenda nayo polepole hadi Kiambiu,
nikichechemea pasipo na wa kuhesabu,
na nikifika nitaivua mlangoni
pamoja na viatu.