Mashine Namba Saba

Kazi yangu ni kulinda taa.
Siku tano, saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku,
koti la njano linalong'aa kuliko mimi,
kiti cha kukunja, projekta, na mwavuli wa projekta
(wangu nijitafutie).

Leicester imeamua kujikumbuka kwa mwanga.
Mishale ya bluu barabarani inawaongoza watu
kutoka sokoni, ambako kuta zimeota bamia,
hadi kanisani, ambako mnara umevishwa sari,
hadi hapa kwangu, kando ya mto Soar,
kwenye ukuta wa kiwanda cha soksi
kilichofungwa kabla sijazaliwa.

Namba saba ni picha moja tu. Haichezi, haina muziki.
Sakafu ya kiwanda, mwaka sabini na mbili,
wanawake kumi na wawili na mashine zao.
Sekunde arobaini, giza, kisha tena.
Watoto hupita mbio, wanawahi mnara.

Usiku wa kwanza alikuja bibi mmoja na kigari cha sokoni,
akasimama. Picha ikaisha. Akasimama.
Nikadhani kapotea njia.
Akasoma jina kifuani pangu, Nkwabi,
akauliza kama anayeuliza bei ya chumvi:
"Wewe ya wapi? Shinyanga?"
Kiswahili cha dukani, cha Kisumu,
kilichohama mwaka sitini na nane ndani ya sanduku la bati
na hakijapanda bei tangu hapo.

"Huyu mimi." Wa nne kutoka kushoto,
msichana mwembamba, nywele za kufika kiunoni
zimefungwa zisiliwe na gurudumu.
"Lakini mimi hapana kuja tazama mimi.
Mimi najua mimi. Tazama pale."

Pale palikuwa na bomba la mvua.
Na juu ya bomba, chini kabisa pembeni mwa picha,
umekunjika kama risiti,
mkono.
Mkono tu, umeshika soksi moja.
Mwenyewe mpiga picha alimwacha nje.

"Maureen. Maureen Tebbutt.
Mwaka mzima mimi hapana jua kusema sindano navunjika.
Yeye nasema. Halafu yeye nafundisha mimi.
Mimi nafundisha yeye neno moja tu: taabu."
Akacheka peke yake.
"Kila Jumatatu yeye naingia, napiga kelele: Taabu!"

Kwetu tungesema walikuwa chanda na pete.
Chanda ndicho kilichobaki,
nacho kinatiririka na bomba.

Usiku wa pili akaja. Wa tatu, mvua, akaja;
mvua ikapita kati ya wanawake wote kumi na wawili
na hakuna aliyelowa ila sisi.
Wa nne hakuja.
Nilitazama kwa niaba yake, mara mia tatu hivi,
hadi nikamfahamu Maureen: kucha fupi,
plasta kidoleni, saa iliyogeuzwa
isikwaruze nyuzi.

Usiku wa tano alikuja na chai ya tangawizi
na kikombe kimoja cha ziada. Bi Hansaben Raichura,
ndipo aliponiambia jina.
Msimamizi wetu, Kieran, alikuwa mbali,
sari ya mnara ilikuwa imekwama.
Amri ni moja, imebandikwa kwenye boksi: USIGUSE.

Niligusa.
Upana wa vidole viwili, kushoto.
Wanawake kumi na wawili wakajongea kwa pamoja
kama watu wanaompisha mtu kwenye benchi,
na mkono ukatoka bombani, ukanyooka,
ukatulia juu ya matofali, mkubwa kama mlango.

Aliacha kigari. Akavuka kamba.
Akaweka kiganja chake ukutani,
na kidole chenye plasta kikamwangukia begani.
"Taabu," akauambia ukuta.
Sekunde arobaini.
Giza.
Hakuondoka; anaijua zamu yake.

Upande wa pili nembo ya baraza la jiji
ilikuwa imekatika nusu, imemwagikia mtoni.
Kieran aliporudi aliitazama sana,
akanitazama mimi, akatazama kikombe mkononi mwangu.
"Upepo," nikasema.
"Upepo," akaandika.