Haijakataa Bado

Haijakataa. Ndiyo maana naifungua leo.
"Mbeyu," Tsofwa aguna, "kizima chafunguliwa cha nini?"

Nachomoa waya wa betri,
natandika gunia la Gongoni, lingali na chumvi,
naishusha stata, nzito kama mtoto aliyelala.
Kaboni zimebaki kimo cha ukucha; natia mpya.
Bushi inacheza.
Napuliza vumbi jeusi, napiga shaba msasa
mpaka nijione.
Grisi kidogo. Ikizidi hunata.

Mwaka juzi ilisema tu tak, tak,
ng'ambo ya Sabaki, saa tisa usiku,
mkewe nyuma na uchungu wake.
Tulisukuma.
Tulianza watatu; darajani tukawa wanne.

"Washa."
Pikapu yaitika kabla sijafunga boneti.

Tsofwa haulizi bei.