Mpaka Wenye Kiwiko

Mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na maji kwenye vifundo,
moto tunauwasha wenyewe.
Alfajiri, umande ukiwepo,
ili utembee kwa miguu kama mtu atokaye hospitali,
ulambe majani makavu, uiache mizizi.
Ukisubiri hadi Septemba atauwasha mwingine,
mrina asali, au mvulana anayetaka majani mapya ya ng'ombe,
na huo hautembei. Huo hupanda miombo hadi kileleni
ukashuka na viota.

Kazi yangu ni kalamu.
Kalunde binti Mhoja, katibu wa kamati,
darasa la saba, daftari la kaunta kwapani.
Niliandika: matete ya hori la kaskazini yasiguswe.
Niliandika: kutoka maji ya Sagara hadi shamba la kwanza
hatua mia mbili, nazo zihesabiwe na Ng'wandu,
kwa sababu ana miguu mirefu.
(La miguu sikuliandika.)
Tukachomeka vigingi arobaini vya mnyaa.

"Kwa ajili ya nani?" aliuliza Zabuloni Ntamuti.
"Wageni wanakuja na mvua, wanaondoka na mvua,
choo cha shule hawajakichangia hata bati.
Korongo ana kadi ya kupigia kura?"
Mkutano ulicheka. Nami nilicheka,
kisha nikaandika: Mjumbe mmoja aliuliza swali.

Usiku wa tatu vigingi saba vilihama
kuelekea ziwani, hatua themanini.
Mashimo ya zamani yalikuwa yamefukiwa kwa kisigino,
na udongo mweusi umeshapinduliwa.
Nilikaa palepale, daftari mapajani.
Nikawaza mtu anavyovuka bahari,
kisha jangwa lisilo na kisima,
amebeba kichwani picha ya tope moja,
akafika, akakuta tope lina mwenyewe.
Nasema mtu. Nilitaka kusema ndege.

Novemba, treni ya Kigoma ikipiga honi Nguruka,
walianza kushuka. Watatu. Kesho yake
sikuweza tena kuhesabu.
Mmoja alikuwa na pete mguuni, herufi na namba;
nikazinakili pembeni mwa orodha ya wanaodaiwa michango.
Walizunguka hori mara mbili,
wakalipima, nadhani, wakaliona fupi.

Januari viwavijeshi waliingia kwenye mahindi ya Zabuloni.
Usiku ungewasikia:
manyunyu, lakini ya meno.
Asubuhi korongo wakaingia nyuma yao
wakipita mstari kwa mstari, mikono mgongoni,
kama wakaguzi wa tumbaku mbele ya marobota.
Hawakuyaokoa mahindi, nisiseme uongo.
Nusu ilikwenda.
Kwa jirani, ambako hawakutua,
mwenye shamba alivuna mabua.

Zabuloni hakusema neno. Si mtu wa kusema.
Msimu uliofuata jaruba lake la mwisho, lile la majini,
hakulipanda. Akalifunga tuta, akaliacha na tope lake,
na mkewe alipouliza akasema mgongo unauma.
Chamchanga walikuwa humo kabla ya Krismasi,
mikia yao haitulii, kama wenye deni.

Tulikwenda kuvirudisha vigingi saba.
Vyote vilikuwa vimeota.
Mnyaa hauulizi umechomekwa na nani,
na utomvu wake hakuna anayeutaka machoni.
Vikabaki. Kwa hiyo mpaka wetu umenyooka,
halafu unakunja, halafu unanyooka tena.
Nimeandika hivi: Mpaka una kiwiko.
Mwenyekiti anataka nifute, anasema si lugha ya kamati.
Sijafuta.

Jana, kabla ya jogoo wa pili, mlango uligongwa.
Zabuloni, koti la mvua, kibiriti mkononi.
"Wale wako," akasema, "kwenye daftari, wanafika tarehe ngapi?"
Nikamsomea.
Akahesabu miezi kwa vidole, bila haraka.
Akatazama nyasi.
"Basi twende. Umande upo."