Hadi Saba

Wanale ina njia tatu za kupandia,
nami nazijua zote kwa shingo, si kwa miguu:
miaka sita nateremsha ndizi hadi sokoni Mbale,
mkungu kichwani, udongo mwekundu ukinitafuta kisigino.
Leo sibebi kitu. Kifuani nimebandikwa karatasi,
sitini na nne, pini nne, moja imeshika ngozi.

Viatu ni vya binamu yangu Wepukhulu.
Vidoleni nimesokota gazeti la juzi,
na kila hatua nasikia habari zikisagika.

Saa moja asubuhi, uwanja wa shule ya msingi.
Wamekuja wa Kampala na saa zao zinazosema.
Wamekuja wa Kapchorwa, wembamba, kimya,
wanasimama kama watu wanaongoja maji yachemke.
Cherukut ni wao. Hata viatu hajavifunga bado.

Filimbi.

Kilomita ya kwanza ni ya majivuno.
Ya pili inaanza kudai.
Kwenye migomba ya akina Nabifo mlima unasimama wima,
mikono inageuka miguu,
unashika mizizi, unashika mbuni, unashika chochote
ambacho mwenyewe hatakuja kukidai kesho.
Wa Kampala mmoja ameketi kwenye jiwe,
saa yake inamwambia moyo wako uko juu mno.
Kwani moyo ungekuwa wapi, baba, nasi tuko Wanale?

Nyuma yangu mtu anahema kama msumeno.
Mimi napumua kama mwenye mzigo:
mbili ndani, moja nje, shingo imenyooka,
kichwa hakijajua kwamba mkungu haupo.

Kwenye ngazi ya miti, chini ya jabali,
maporomoko yanatumwagia maji migongoni.
Napanda wa saba. Natokeza juu wa pili.
Ukungu. Kabichi. Vitunguu vimeanikwa juu ya bati.
Mtoto anashangilia, halafu ananitambua:
"Ee! Mbona ni yule wa ndizi!"

Penye njia panda ya kisima kulifungwa utepe wa njano.
Utepe haupo.
Mbuzi yupo. Njano inaning'inia mdomoni mwake,
naye anatafuna taratibu, kama karani.

Cherukut amekata kushoto.
Kushoto ni njia nzuri, laini, ina nyasi,
inakwenda hadi tanuri la matofali la Wamono
na hapo inakwisha.

Mgongo wake unapungua ndani ya ukungu.
Hakuna aliyeniona. Mbuzi tu.
Na zawadi ni mtamba wa maziwa;
nishampa jina, nishajua atafungwa wapi,
nani atamkatia majani siku za mvua.

Nikahesabu.
Moja, karo ya Khainza.
Mbili, bati la jikoni.
Tatu, nne, tano, hizo hazikuwa za kitu, nilihesabu tu,
sita,
na kwenye saba nikatia vidole viwili mdomoni
nikapiga mbinja ile ya mteremkoni,
ya mzigo unapokuponyoka na chini kuna watu:
pisheni.

Akageuka.
Sikungoja nimwone anavyorudi.

Kuteremka Wanale si kukimbia. Ni kuanguka kwa adabu.
Nikaanguka kwa adabu kilomita nne,
nikapoteza kiatu kimoja cha Wepukhulu kwenye tope,
nikaendelea na gazeti.

Alinikuta kwenye lami, karibu na kituo cha mafuta.
Nyayo zake hazina sauti.
Akanigusa kiwiko, akasema, asante, dada.
Nikafungua mdomo nimwambie ile saba,
lakini pumzi yote ilikuwa ya miguu.
Akanipita.

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alihutubia sana.
Mtamba alipakiwa kwenye gari kwenda Kapchorwa,
akigeuza shingo kila upande.

Wa pili hupewa mbuzi.
Nimemfunga nyuma ya jiko.
Usiku nikitoka kumwaga maji namkuta macho,
anatafuna taratibu,
ananitazama.