Sauti ya Kiasi

Chumba changu hapa Uyole kina milango miwili ya chuma
na kuta nilizozivika sifongo nyeusi kama makaa,
neno la nje lisiingie, la ndani lisitoke.
Humo simu hufa. Redio ya mlinzi hunyamaza.
Hata mvua ya Machi, inayopiga paa la jirani
kama mahindi kwenye kikaango, humo huijui.

Kazi yangu ni kusikiliza vitu visivyo na mdomo.

Ijumaa yakaletwa maboksi arobaini kwa njia ya Tunduma:
redio za mkononi, za walinzi wa mashamba ya chai.
Boksi linang'aa, muhuri umekaa sawa
kuliko mihuri halali.
Nikawasha moja. Skrini ikaota mlima mahali pake,
kisha vilima, kulia, kushoto,
kimoja kikiingia bila hodi
kwenye masafa ya gari la wagonjwa.
Nikawasha ya pili. Ya tatu. Ukoo mzima, tabia moja.
Nikaandika: Kifaa hakikidhi viwango.
Mwenye mzigo akauliza kama sikuuona muhuri.
Niliuona, kaka.
Muhuri hausikiki hewani.

Halafu akaja Gwakisa Mwasomola, kutoka Isyonje,
koti limelowa ukungu, mkononi kopo la maziwa ya unga
lenye tundu moja, na waya umechomoza
kama sharubu ya mende.
"Hili linasubiri jalidi," alisema.
Hulizika nusu kwenye tuta la viazi;
baridi ikikaribia kugeuka barafu, saa tisa usiku,
linaita nyumba saba: amkeni,
washeni moshi, funikeni miche.
Mwaka juzi mama yake alilaza shamba la kijani
akaliamsha jeusi.

Nililipenda kabla sijalipima. Hilo ni kosa kazini.

Nikaliweka juu ya meza inayozunguka taratibu,
nikafunga milango, nikakaa na skrini yangu.
Kwenye nyuzi mia na kumi, likapaza.
Desibeli nne juu ya mstari.
"Nne tu, dada?"
Tatu peke yake ni nguvu mara mbili, Gwakisa.
"Lakini kule kwetu hakuna wa kumsumbua."
Leo hakuna. Kesho zahanati italeta friji la chanjo
lenye kihisio chake kinachonong'ona,
na kopo lako litaongea juu ya mnong'ono huo,
na chanjo zitachacha, na hakuna atakayejua
ni nani aliyepiga kelele.

Nikaandika maneno yale yale
niliyomwandikia mwenye maboksi.
Hayakuwa na uzito ule ule.

Alirudi na karatasi za fedha za pakiti za sigara,
kazibandika ndani ya kopo kwa ugali. Bado.
Alirudi na waya mfupi zaidi. Likanyamaza kabisa,
likawa kopo tu la maziwa;
tukacheka, yeye kwa hasira.
Mara ya tatu ilikuwa Juni, Uyole inauma masikio.
Mfuniko kauchomelea risasi ukingo mzima,
na koili kaizungushia kipande cha tete
alichokata njiani, karibu na daraja.

Mlima mmoja.
Pembeni tambarare tupu,
kama Usangu ukiutazama kutoka juu, Matamba,
asubuhi isiyo na vumbi.

Nilizungusha meza mara mbili zaidi ya inavyotakiwa.
Kisha saini, namba, tarehe. Cheti cha ukurasa mmoja
alikikunja mara nne, akakitia mfuko wa ndani,
pamoja na risiti ya mbolea.

Julai, usiku, saa tisa na dakika kumi na mbili,
simu yangu ikawaka gizani kando ya mto:
Dada, limeita. Nyumba sita zimeamka.
Ya saba ni ya mjomba Ambakisye,
yule hata jogoo hamsikii.